Mzio mkali wa dawa: ngozi hubabuka nje, hatari imo ndani

Matini ya mazungumzo ya elimu ya afya yaliyotolewa mbele ya madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa vijiji, watoa dawa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Upo ugonjwa ambao mtu akiuona kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mgonjwa amemwagikiwa maji ya moto. Mwili hutokwa na madoa mekundu, na katika ngozi nyeusi madoa hayo huonekana ya zambarau au meusi kuliko ngozi ya kawaida. Baada ya muda mfupi hutokea malengelenge, na ngozi ya juu hubambuka vipande vipande kama karatasi iliyolowa. Midomo hubabuka na kuganda damu. Macho huvimba na kope hushikamana. Mgonjwa hawezi kula, hawezi kunywa, hawezi hata kuguswa na shuka bila kulia kwa maumivu.

Mtu huyo hakuungua moto wala hakurogwa. Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni dawa aliyoimeza siku au wiki chache nyuma kwa nia njema ya kupona maradhi mengine. Ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, na sura yake iliyo kali zaidi huitwa ugonjwa wa Lyell. Hauambukizi. Hauchagui mkoa wala kabila, mtoto wala mzee.

Ni ugonjwa adimu. Hesabu za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa katika kila watu 1,000,000 huwapata watu wachache tu kwa mwaka. Hata hivyo, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hatari hiyo huongezeka takribani mara 100, na kwa sababu hiyo wahudumu wa Afrika Mashariki wameuona zaidi kuliko ambavyo takwimu za Ulaya zingewafanya watarajie.

Huenda mtu akauliza kwa nini ugonjwa adimu utengewe muda wakati malaria, kuhara na shinikizo la damu vingalipo. Jibu ni kwamba ugonjwa huu unaua, na kwa sehemu kubwa hatima ya mgonjwa huamuliwa kabla hajafika wodini. Huamuliwa nyumbani, dukani na njiani, na watu wasio madaktari. Wanaochelewa kumpeleka mgonjwa hospitali kwa kawaida hawana nia mbaya. Huchelewa kwa kuwa wanaitazama ngozi na kudhani kuwa tatizo ni la ngozi. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba ngozi ni sehemu tu inayoonekana. Kinachoua ni yale yanayoendelea ndani ya mwili.

Jinsi ulivyojulikana

Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za wavulana wawili wa mjini New York waliopata homa kali, vipele mwilini, vidonda vya kinywa na uvimbe mkubwa wa macho. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba tangu siku hiyo ya kwanza madaktari hao hawakuandika juu ya ngozi peke yake. Kinywa na macho vilikuwemo katika maelezo yao, na ndivyo vilivyowashtua.

Mwaka 1956 daktari wa ngozi wa Uskoti, Alan Lyell, alieleza wagonjwa wanne ambao ngozi yao ilibambuka kwa upana mkubwa kama ya mtu aliyebabuliwa na maji ya moto. Kwa muda mrefu hali hizo mbili zilihesabiwa kuwa magonjwa mawili tofauti. Leo wataalamu wengi wanaziona kuwa ngazi za ugonjwa mmoja. Ngozi iliyobambuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili wote, ni ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30, ni ugonjwa wa Lyell. Iliyo kati ya hapo ni hali ya katikati.

Kipimo cha asilimia hizo hakihitaji mashine. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeona eneo lililobambuka linalotosha viganja 10 vya mgonjwa anajua kwamba mpaka wa kwanza umeshavukwa. Katika ugonjwa wa Stevens-Johnson wagonjwa walio wengi hunusurika. Katika ugonjwa wa Lyell hufa takribani mmoja kati ya kila watatu.

Dawa zinazohusika

Dawa nyingi zimewahi kutajwa, lakini zinazosababisha sehemu kubwa ya ugonjwa huu si nyingi, na baadhi yake zinajulikana vyema katika kila kijiji. Za kwanza ni dawa za jamii ya salfa. Humo imo kotrimoksazoli, ambayo wananchi wengi huiita septrini. Imo pia sulfadoksini iliyochanganywa na pirimethamini, maarufu kwa jina la SP, iliyokuwa dawa kuu ya malaria Tanzania kuanzia 2001 hadi nafasi yake ilipochukuliwa na dawa mseto mwishoni mwa 2006. Zinafuata dawa za kifafa, yaani kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini. Ipo alopurinoli inayotumiwa kwa jongo. Zipo dawa za maumivu za jamii ya piroksikamu na meloksikamu. Ipo nevirapini miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Historia ya Afrika Mashariki ina somo lake katika jambo hili. Dawa ya kifua kikuu iitwayo thiasetazoni ilipendwa kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. UKIMWI ulipoenea, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa na virusi hivyo walianza kubabuka ngozi na kufa kwa dawa iliyokusudiwa kuwaponya. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 uliweka wazi uhusiano huo, na dawa hiyo ikaondolewa katika tiba ya wagonjwa wa namna hiyo. Kilichowezesha uamuzi huo ni wahudumu walioona, wakaandika na wakatoa taarifa.

Hapa yafaa itolewe tahadhari. Dawa zilizotajwa si sumu, na wengi mno wanaozitumia hawapati madhara haya. Mama mjamzito anayepewa SP kliniki anakingwa dhidi ya malaria inayoweza kumuua yeye na mtoto. Mgonjwa wa kifafa anayeacha dawa zake kwa hofu anaweza kuanguka motoni au majini. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hana mbadala wa tiba yake. Mtu asiyeona dalili yoyote aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa.

Wala ugonjwa huu si alama ya dawa bandia au ya kuzidisha kipimo. Dawa halali, iliyotolewa kwa kipimo sahihi na mtaalamu stadi, inaweza kuuleta. Askari wa kinga ya mwili wa mtu huyo, kwa sababu ya maumbile yake ya kurithi, huiona dawa hiyo kama adui na huishambulia ngozi ya mwenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waligundua chembe ya urithi inayowaweka baadhi ya watu wa Asia katika hatari kubwa wakitumia kabamazepini. Mwaka 2008 watafiti wa huko huko walionyesha kuwa majimaji ya malengelenge yamejaa protini iitwayo granulisini, ambayo chembe za kinga huitoa na ambayo huua seli za ngozi. Kwa hiyo kumlaumu mgonjwa, mama mkwe, jirani au mhudumu kwamba amemroga au amempa sumu ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Yanayotokea ndani ya mwili

Ngozi ya mtu mzima hufunika eneo la karibu mita 2 za mraba. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, joto lisipotee na vijidudu visiingie. Inapobambuka, kazi zote tatu husimama kwa wakati mmoja.

Kwanza ni maji. Mtu mzima aliyepoteza nusu ya ngozi yake ya juu anaweza kupoteza lita 3 hadi 4 za majimaji kwa siku moja, pamoja na chumvi na protini zilizomo. Huyu ndiye mtu yule yule ambaye kinywa chake kimejaa vidonda na hawezi kumeza. Damu hupungua ujazo, shinikizo hushuka, na moyo hupiga mbio ukijaribu kufidia. Figo zikikosa damu ya kutosha hupunguza mkojo, kisha hushindwa kabisa. Jamaa wanaoona mgonjwa hakojoi hudhani amepumzika, kumbe figo zake zinafunga kazi.

Pili ni joto. Mgonjwa aliyebambuka hutetemeka kwa baridi hata katika joto la mchana. Mwili hutumia nguvu nyingi kuzalisha joto, misuli huliwa, na sukari ya damu hupanda.

Tatu ni maambukizi. Nyama iliyo wazi ni mlango usio na bawabu. Bakteria waliozoea kuishi juu ya ngozi bila kudhuru huingia katika damu na kusambaa mwili mzima. Hii ndiyo sababu kuu ya vifo katika ugonjwa huu.

Zaidi ya hayo, ugonjwa haukomei kwenye ngozi. Utando laini unaofunika kinywa, koo, njia ya hewa, njia ya chakula na sehemu za siri nao hushambuliwa. Katika ugonjwa wa Lyell, takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne hubambuka hata ndani ya njia za hewa. Huanza kukohoa na kuhema haraka, makohozi huchanganyika na vipande vya utando, na mapafu hujaa maji. Huyu anaweza kuonekana ana ngozi nafuu kuliko mwenzake wa kitanda cha pili, lakini hatari yake ni kubwa zaidi.

Umio huweza kubabuka na baadaye kupona kwa makovu yanayoufanya mwembamba, mgonjwa akawa anakwamwa na tonge. Utumbo ukiguswa huleta kuhara damu. Ini huweza kuvimba. Chembe nyeupe za damu huweza kupungua, na askari wa mwili wakipungua maambukizi hupata nafasi. Katika sehemu za siri, hasa kwa wanawake na wasichana, vidonda vikiachwa bila uangalizi vinaweza kushikamana na kuziba njia, jambo ambalo wengi hulificha kwa haya mpaka linapohitaji upasuaji.

Macho hushambuliwa kwa wagonjwa walio wengi. Kope huweza kuungana na jicho lenyewe, nyusi za kope zikageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho siku baada ya siku. Ngozi, kwa kuwa tabaka lake la chini huwa halijafa, huota upya katika muda wa wiki 3 hivi, na mara nyingi bila kovu kubwa. Jicho halina huruma hiyo. Mtu huweza kutoka hospitali ngozi yake ikiwa imepona na kukuta kwamba upofu ndio uliobaki.

Alama saba za madaktari

Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walichapisha kipimo cha kukadiria uwezekano wa kifo kwa wagonjwa hawa, na kipimo hicho kinatumika hadi leo duniani kote. Kina alama saba: umri unaozidi miaka 40, kuwa na saratani, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika, eneo lililobambuka linalozidi asilimia 10 siku ya kwanza, urea ya damu inayozidi milimoli 10 kwa lita, bikaboneti iliyoshuka chini ya milimoli 20 kwa lita, na sukari ya damu inayozidi milimoli 14 kwa lita. Mgonjwa asiye na alama, au mwenye moja tu, ana uwezekano wa kufa wa takribani asilimia 3. Mwenye tano na zaidi, uwezekano huo hufika asilimia 90.

Katika alama hizo saba, moja tu ndiyo inayohusu ngozi. Nyingine zinauliza juu ya moyo, figo, kemia ya damu na hali ya mtu kabla ya kuugua. Hakuna jamaa anayeweza kuiona urea kwa macho wala kuipima bikaboneti kwa kiganja. Hii ndiyo hoja ya kumpeleka mgonjwa hospitali hata kama malengelenge yanaonekana machache na majirani wanasema yatakauka.

Dalili za mwanzo na magonjwa yanayofanana

Mara nyingi ugonjwa hutanguliwa na siku 1 hadi 3 za homa, uchovu, koo kuuma na macho kuwasha kama yaliyoingiwa na moshi. Wakati huo vipele havijatokea bado. Kisha hutokea madoa kifuani na usoni, yakiuma zaidi ya kuwasha. Ngozi inayouma bila kidonda ni dalili ya kuogopwa. Ikisuguliwa kidogo kwa kidole na kuteleza, hakuna tena la kusubiri.

Aghalabu dawa iliyosababisha ilianza kutumiwa kati ya siku 4 na siku 28 kabla ya dalili. Dawa za kifafa zaweza kuchukua hadi wiki 8. Kwa sababu hiyo, swali la «umekula nini leo» halitoshi. Swali la maana ni hili: katika miezi miwili iliyopita, ni dawa gani mpya zilizoanzwa, za kumeza, za sindano au za kupaka, kutoka hospitali, dukani, au kwa jirani?

Surua nayo huanza kwa homa na macho mekundu, lakini haibambui ngozi kwa upana, na mtoto mwenye surua hukohoa na kutoka makamasi tangu mwanzo. Tetekuwanga huleta malengelenge madogo yanayowasha, yanayotokea kwa awamu. Mkanda wa jeshi hufuata upande mmoja wa mwili kama mshipi. Mwenye malengelenge mwili mzima pamoja na vidonda vya kinywa na macho hahesabiwi kuwa na lolote kati ya hayo mpaka mganga wa hospitali athibitishe.

Ichukuliwe mfano wa mkulima aliyejikata kwa jembe, akanunua vidonge vya salfa dukani bila cheti. Siku ya kumi anapata homa na koo linauma. Anadhani ni malaria. Anarudi dukani, anapewa dawa ya malaria na kidonge cha maumivu, na vile vya salfa anaendelea navyo kwa kuwa dozi haijaisha. Siku ya kumi na mbili anatokwa na madoa. Anaambiwa ni mzio, anapewa kidonge cha kuzuia muwasho, na salfa anaimalizia. Siku ya kumi na nne anabambuka. Katika hatua hizo zote hakuna mtu aliyemtakia mabaya, na katika hatua hizo zote palikuwa na nafasi ya kumwuliza alikuwa anatumia nini.

La kufanya siku ya kwanza

La kwanza ni kuisimamisha dawa inayotiliwa shaka na kumfikisha mgonjwa kituoni siku hiyo hiyo. Mambo hayo mawili hayatenganishwi. Aliye na kifafa, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI hasimamishi dawa na kubaki nyumbani. Anakwenda ili abadilishiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, kila siku moja ya kuwahi kuiacha hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 30.

La pili ni kuchukua dawa zote na pakiti zake, hata zilizokwisha, na kuzipeleka pamoja na mgonjwa. Kipande cha karatasi ya vidonge kilichotupwa jalalani kinaweza kuwa ndicho kinachomwonyesha daktari chanzo.

La tatu ni kutopaka kitu. Mafuta ya nazi, asali, dawa ya meno, majivu na majani yaliyopondwa huingiza vijidudu na huzuia daktari kuona. Malengelenge yasitoboliwe, na ngozi iliyolegea isivutwe. Mgonjwa afunikwe kwa shuka au kanga iliyofuliwa, akingwe na baridi, na kama anaweza kumeza apewe maji kidogo kidogo. Nguo iliyoganda mwilini isibanduliwe kwa nguvu.

La nne linawahusu watumishi wa zahanati. Krimu ya majeraha ya moto yenye silva salfadiazini ina salfa ndani yake. Mgonjwa anayedhaniwa kudhurika kwa salfa asipakwe krimu hiyo, ingawa mwili wake unafanana na ulioungua. Wala asipewe mchanganyiko wa dawa mpya kwa kubahatisha, kwa kuwa kila dawa inayoongezwa inazidisha ugumu wa kujua chanzo. Mshipa utafutwe mahali penye ngozi nzima, maji yaanzwe, mkojo upimwe, na rufaa iandikwe bila kungoja kesho.

Wodini tiba kubwa ni uangalizi: chumba chenye joto, maji na chumvi kwa vipimo, chakula kwa mpira wa puani, dawa za maumivu, usafi wa kinywa, na macho kuoshwa na kulainishwa mara kwa mara mchana na usiku. Kuhusu dawa za kutuliza kinga ya mwili, wataalamu duniani bado hawajaafikiana zipi zitolewe na lini, na hilo huachwa kwa daktari bingwa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimewafundisha waganga wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Baadhi yao wanahudumu katika hospitali za mikoa na wilaya, na ni haki ya mgonjwa daktari wake kuomba ushauri wao.

Baada ya kurudi nyumbani

Jina la dawa iliyomdhuru mtu liandikwe kwa herufi kubwa juu ya daftari au kadi yake ya matibabu, na yeye mwenyewe alijue kwa kulitamka. Asiseme tu kwamba «dawa nyeupe zilinikataa», kwa maana nyeupe ni nyingi. Salfa iliyomdhuru katika septrini imo pia katika SP. Mara ya pili huweza kuwa ya haraka zaidi na kali zaidi kuliko ya kwanza. Ndugu zake wa damu nao waarifu wahudumu wao, hasa pale dawa za kifafa zinapohusika.

Macho yachunguzwe tena hata kama hayaumi. Anayekwamwa na chakula, anayehema akipanda kilima kidogo, mwanamke anayepata maumivu ya sehemu za siri, wote warudi hospitali. Wapo pia wanaoogopa kila kidonge, wasiolala, wasiotaka kuonekana kwa sababu ngozi yao imebaki na mabaka. Familia na majirani wajue kwamba mabaka hayo hayaambukizi na kwamba maneno ya uchawi huumiza mara ya pili mtu aliyekwisha kuumia.

Wajibu wa kila mmoja

Mtoa dawa katika duka la dawa muhimu ana wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kuuza: kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Antibiotiki haziuzwi kama pipi. Mteja aliyerudi na homa na vidonda vya kinywa baada ya kununua dawa hauziwi dawa ya pili, anaelekezwa zahanati.

Mganga au muuguzi anayemwona mgonjwa wa namna hii ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa na kuituma kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu hiyo haikusudiwi kumtafuta mkosaji. Taarifa za namna hiyo ndizo zilizowezesha thiasetazoni kutambuliwa, na dawa ya kesho itatambuliwa kwa njia hiyo hiyo.

Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji nao wana nafasi yao. Habari ya mtu aliyebabuka ngozi mara nyingi hufika kwao mapema, pengine ikiwa na tuhuma ndani yake. Wakiuliza kwanza kuhusu dawa na usafiri kabla ya kuuliza kuhusu mchawi, watakuwa wameokoa maisha ya mmoja na amani ya wengi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akumbuke maneno manne: homa, macho, kinywa, ngozi inayouma. Yakikutana kwa mtu aliyeanza dawa mpya, mtu huyo anasafiri leo.

Mwananchi naye afanye jambo dogo ambalo halina gharama. Atunze pakiti za dawa anazotumia mpaka miezi miwili ipite, na ajifunze majina yake. Siku akihitaji kuulizwa, huenda hataweza kusema kwa vidonda vya kinywa, na pakiti ndiyo itakayomsemea.